Saa Kumi na Tatu Kutoka New York

Kwa miaka mitatu nilitoka nyumbani nikiwa nimevaa sketi ya buluu, blauzi nyeupe na viatu vya kisigino kifupi, na kila nilipofika kazini nilivivua vyote nikavaa aproni ya mpira na gambuti. Nilikuwa naosha trei. Kampuni iliyoniandika ilipika chakula cha kupakiwa kwenye ndege pale uwanja wa Embakasi, Nairobi, na ndege zilipotua, vyombo vichafu vililetwa kwetu kwa lori na kumwagwa juu ya meza ndefu ya bati, nasi wanawake kumi na mmoja tukavishambulia kwa maji ya moto na sabuni kali. Nasema haya mapema kwa sababu wakati ule sikuyasema kabisa. Pale Jericho, katika nyumba za kanjo, yaani baraza la jiji, tulizokaa, nilijulikana kama msichana wa ndege.

Sikumwambia mtu kwamba mimi ni karani wa ndege. Wala sikumwambia mtu kwamba mimi si karani. Mama yangu, aliyeshona sare za shule kwenye veranda, ndiye aliyetia chumvi. "Msichana wangu anafanya na ndege," aliwaambia wateja, kisha akanyamaza akaendelea kukanyaga cherehani, na mteja akajijazia mwenyewe. Nami nilipita katikati ya wateja hao na sketi yangu, shingo imenyooka. Kila jioni nilijipaka gliserini mikononi, nikangoja ikauke, nikajipaka tena. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sikumwonyesha mtu, na nilipenda kuonekana kuliko nilivyopenda kula.

Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi mzee mmoja mstaafu wa reli pamoja na mkewe, watu wa magharibi mwa Kenya. Alikuwa amefanya kazi ya gadi kwenye treni za abiria, ile ya kupuliza filimbi na kupeperusha bendera, na reli ilipomwachisha kazi yeye hakuiacha reli. Alijua treni gani iko wapi saa hiyo. Ukimkuta amesimama penye bomba la maji anatazama saa yake ya mkononi, usimsumbue. Alikuwa anaisindikiza ya Kisumu ikiteremka Bonde la Ufa. Mtoto wao wa kwanza, kijana wa kiume, alikuwa New York mwaka wa saba sasa, akisoma na kufanya kazi, na hakuwa amerudi hata mara moja. Mabinti wao wawili walikuwa wameolewa huko kwao. Basi walibaki wawili, na juu ya redio picha ya kijana amevaa koti zito la baridi, anacheka.

Jioni moja mzee alinisimamisha nikitoka kazini.

"Binti," akasema, "wewe ndiyo unajua mambo ya ndege. Kutoka hapa mpaka New York ni mwendo gani? Usiniambie maili. Maili najua ni mingi. Niambie masaa."

Hapo ningesema, "Mzee, mimi sijui, lakini kazini nitauliza." Maneno sita tu. Badala yake nikamwambia anipe mpaka kesho, kwa sauti ya mtu anayekwenda kutazama kwenye faili. Baada ya chakula nikachukua atlasi ya shule ya ndugu yangu mdogo, nikakata uzi mweupe kutoka kwenye cherehani ya mama, nikaunyoosha kwenye ukurasa wa dunia nzima: Nairobi, juu ya Sahara, juu ya bahari ya Atlantiki, mpaka New York. Nikaupima kwa rula, nikazidisha kwa kipimo kilichoandikwa chini ya ramani. Ikaja karibu kilomita elfu kumi na mbili. Dereva mmoja wa lori la vyombo alikuwa ameniambia ndege kubwa hukimbia kilomita mia tisa kwa saa. Nikagawanya. Saa kumi na tatu na kitu. Kile kitu nikakitupa.

Mzee alipopata jibu alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akaanza kuhesabu.

"Treni ya Kisumu inatoka hapa saa kumi na mbili jioni, inaingia saa mbili asubuhi. Hiyo ni masaa kumi na nne!" Akaita mkewe kwa sauti yake ya stesheni. "Mama! Toka nje usikie! Unalia nini kila siku? Huyu kijana ako karibu kuliko Kisumu!"

Mkewe akatoka akijipangusa mikono, akanitazama kama aliyeletewa mtoto mwenyewe mlangoni. "Ni ukweli?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Kuanzia siku hiyo hesabu yangu ikawa mali ya mtaa. Mzee aliitangaza kwa kinyozi, kwa muuza makaa, kanisani baada ya ibada. Kijana ako karibu kuliko Kisumu, na mtu akibisha, "Uliza msichana ya ndege." Nikiulizwa nilitikisa kichwa kukubali, polepole, kwa unyenyekevu wa mtu anayejua mengi zaidi ila hana ruhusa ya kuyasema. Nikikumbuka kichwa kile kikitikisika, natamani kukizaba kofi.

Kwa sababu nilijua si kweli. Hilo ndilo jambo linalonifanya mpaka leo nifunike uso nikiwa peke yangu chumbani. Sikuhitaji atlasi wala uzi. Ndege ya London ilitua kila asubuhi, na vyombo vyake vilikuwa mezani kwetu kabla jua halijakolea: trei za chakula cha jioni, mchuzi umegandia, na trei za chai ya asubuhi, mabaki ya mayai na vikombe vya kahawa. Trei mbili kwa kila abiria. Maana yake huyo mtu amekula jioni, amelala, ameamka, amekula tena. Usiku mzima angani, na hapo ametoka London tu. Na wa Amerika hakuwa na ndege ya kumleta kwetu moja kwa moja. Lazima kwanza avuke bahari, ashuke Ulaya, akae mchana kutwa akingoja ndege ya jioni, ndipo aje. Hata mama aliyefagia sakafu ya jiko letu alilijua hilo. Lakini ilikuwa elimu ya sinki, na kuitumia kungenilazimu niseme nimeipata wapi.

Mzee alifariki asubuhi moja pale pale penye bomba, ndoo mkononi. Hakufika hospitali.

Jioni hiyo hiyo watu wakaanza kukutana nyumbani kwake, kama ilivyo desturi ya mitaa yetu, na kila jioni baada ya hapo: viti vimeazimwa kanisani, chai kwenye sufuria kubwa, mwenyekiti, na katibu mwenye daftari. Ndugu mdogo wa marehemu alikuja kutoka kwao kuongoza mipango, mtu mfupi, mpole, mwalimu wa shule ya msingi, na sisi sote tukamwita baba mdogo kama watoto wa nyumba ile walivyomwita. Telegramu ikapelekwa New York. Jumanne jibu likaja, na baba mdogo akalisoma mbele ya watu: kijana ataondoka huko Alhamisi saa mbili usiku, na anaomba baba yake asizikwe kabla yeye hajafika.

Kwa watu wale hilo halikuwa ombi dogo. Kwao mwana wa kwanza ndiye anayewatangulia wenzake kutupa udongo kaburini, na ndiye anayesimama mbele ya ukoo wote kumuaga baba yake kwa maneno. Akikosekana, jambo hilo husemwa kwa miaka. Lakini walikuwa na sharti lingine, gumu zaidi: maiti ikishatolewa mochari haigeuzwi. Ikishaanza safari ya nyumbani, imeanza. Kwa hiyo siku ya kuitoa ndiyo iliyobeba kila kitu, na siku hiyo nayo ilitegemea neno moja tu, kijana atatua Embakasi lini.

"Msichana ya ndege ako wapi?" akauliza mwenyekiti.

Nilikuwa jikoni na kina mama, nikiosha vikombe. Nikaitwa sebuleni, katikati ya wanaume wa umri wa baba yangu, na baba mdogo akanyanyuka akanipisha kiti chake. Sikuwahi kupewa heshima kama ile kabla ya hapo, wala sijapewa tena. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona akirekebisha kitambaa chake cha kichwa.

"Akitoka huko Alhamisi saa mbili usiku," baba mdogo akaniuliza taratibu, kama anayemuuliza mkubwa wake, "hapa atafika saa ngapi?"

Nikaketi. Mjane, aliyekuwa ameketi chini kwenye mkeka, akasema, "Si mzee alikuwa anasema masaa kumi na tatu. Ni huyu alimwambia."

Wote wakanigeukia. Kwa muda mrefu baadaye nilijifariji kwamba nisingeweza kumfanya marehemu mwongo ndani ya nyumba yake. Huo nao ni uongo. Nilijihurumia mimi na kiti nilichopewa. Nikahesabu kwa vidole mbele yao, polepole, ili ionekane ni kazi.

"Saa tatu asubuhi," nikasema. "Ijumaa."

"Asante sana, binti," akasema baba mdogo, na katibu akaandika.

Mpango ukakamilika papo hapo. Ijumaa mapema maiti itolewe mochari, basi la kukodi lipitie uwanja wa ndege, kijana apande asafiri pamoja na baba yake. Alale naye nyumbani usiku mmoja, Jumamosi wazike. Watu walikwenda kulala wameridhika. Jumatano nilikwenda kazini, Alhamisi nikaenda, na siku zote mbili nilipita hatua chache tu kutoka kwenye madirisha ya makarani wa ndege, ambako dakika tano zingetosha. Nilijiambia kwamba pasi yangu ni ya geti la jikoni na hawataniruhusu. Kumbe niliogopa wataniruhusu, waniambie.

Ijumaa niliomba ruhusa, nikavaa sketi yangu ya buluu, nikapanda basi pamoja na wafiwa. Lilikuwa basi la safari za mashambani. Jeneza lilifungwa juu kwenye keria na kufunikwa turubai. Tulifika saa mbili na nusu. Askari wa uwanja alikuja mbio kutufukuza mahali tuliposimama, lakini alipoona kilicho juu ya basi alivua kofia, akatuonyesha pa kuegesha, pembeni, pasipo na kivuli hata kidogo. Kina mama wa kanisa wakashuka wakaanza kuimba kwa sauti ya chini. Watu waliokuja na maua kupokea wageni wao wakatupisha.

Ikawa saa tatu, ikawa saa tatu na nusu. Mjane alikuwa mbele kabisa, karibu na milango ya kioo, ameshika mikononi koti la kazi la marehemu, lile la reli lenye vifungo vya shaba, ambalo alitaka mwanawe alivae njiani. Kila kijana mrefu aliyetoka, mama yule alisimama juu ya vidole vya miguu, kisha akashuka. Ilipofika saa nne kina mama waliacha kuimba. Saa tano jua lilikuwa juu ya lile turubai, na nikaona wanaume wawili wakinong'ona na baba mdogo wakilionyesha kwa macho.

Baba mdogo akanijia. "Binti, ingia uulize. Wewe si ni mtu wa hapa?"

Nikaingia kwa mlango wa abiria kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikapanga foleni. Karani alikuwa msichana wa rika langu, na sketi yake ilikuwa ya buluu kama yangu, ila yake alikuwa amepewa na kazi. Nilimweleza. Akanikunjia uso kwa mshangao.

"Dada, nani alikuambia hivyo? Saa mbili usiku ya huko, hapa kwetu ni saa tisa usiku, na ni Ijumaa tayari. Halafu hakuna ndege ya kutoka huko moja kwa moja. Huyo mtu wako saa hii labda ndiyo anashuka London. Atakaa hapo mpaka jioni, apande ingine, aingie hapa kesho saa moja asubuhi." Akaona uso wangu. "Ni kesho tu. Si mbali."

Si mbali. Kama neno hilo ningelipata Jumatano, mzee angekuwa bado kwenye baridi ya mochari, basi lingekodiwa Jumamosi, na watu wale wangezika Jumapili wakiwa wametimia. Ni siku moja tu iliyohitajika. Nilisimama nyuma ya nguzo nikatamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, na nje walikuwa wananingoja.

Wakanizunguka.

"Ndege imechelewa," nikasema. "Imepata shida huko London. Wanasema itaingia kesho asubuhi."

Sikuwa nimeupanga uongo huo. Ulikuja wenyewe, umekamilika, na hakuna aliyeutilia shaka. Mama mmoja wa kanisa alinishika bega akaniambia pole, umejaribu. Wazee wakakaa kando. Kugeuza maiti haiwezekani. Kukaa pale mpaka kesho na jeneza juani haiwezekani. Mjane alisema tu, "Mimi sitoki hapa bila mtoto." Baba mdogo alimwendea, akazungumza naye kwa lugha yao muda mrefu sana, ameinamisha kichwa, na mwishowe akamshika mkono akamwongoza hadi mlango wa basi. Mama yule alipita mbele yangu. Akaniwekea lile koti mikononi.

"Mpe avae," akasema. "Mwambie tulimngoja."

Nilibaki mimi, kwa kuwa ndimi mtu wa ndege, nimpokee kijana na kumpeleka mjini kwenye Peugeot za abiria ziendazo magharibi. Walinishukuru kwa kujitolea.

Jumamosi alitoka kwenye ile milango saa moja na nusu, begi moja begani, shingo ndefu ya baba yake. Nilimtambua mara moja kwa ile picha. Nikamwambia mimi ni jirani, mtoto wa mama fundi wa nguo. Alikuwa akitazama nyuma yangu, akitafuta watu.

"Wako wapi?"

"Walienda jana."

"Walienda?" Alitua begi chini. "Niliwaandikia wanigoje. Ndege haikuchelewa hata dakika moja. Nani alisema waende?"

Tulikuwa wawili tu. Hakukuwa na mwenyekiti, wala mama yangu, wala kiti cha kupishwa. Sikuwa na chochote cha kupoteza isipokuwa heshima ya mtu nisiyemjua.

"Ni wazee," nikamjibu. "Baba yako mdogo alisema hawawezi kungoja."

Kila neno hapo lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo mbaya kuliko ule wa jana. Alipangusa macho kwa mkono wa shati. Nikampa koti. Maneno ya mama yake sikumpa. Kama ningemwambia walimngoja, angeuliza walimngoja lini, na wapi, na kwa nini siku hiyo, na mwisho wa maswali hayo nilikuwa mimi. Kwa hiyo alivaa koti la baba yake bila kujua kwamba mama yake alisimama na koti hilo mlangoni kwa muda wa saa mbili na nusu.

Peugeot ilijaa ikaondoka saa tatu. Alifika kwao jioni. Walikuwa wamezika saa sita mchana, kwa sababu jua la Ijumaa pale uwanjani na mwendo wa njiani vilikuwa vimeiharibu maiti, na wazee hawakutaka mjane aone zaidi. Niliyasikia yaliyofuata kutoka kwa waliokuwepo. Kijana hakuketi. Alimwendea baba yake mdogo mbele ya watu wote akamuuliza kwa nini alikataa kumngoja. Baba mdogo akaanza kusema kwamba ndege ilichelewa. Kijana akasema haikuchelewa. Basi yule mwalimu akayakusanya mambo kichwani mwake, kisha akasema, "Ni mimi niliamua. Nisamehe." Kijana hakumsamehe. Alirudi New York wiki hiyo hiyo bila kupitia mtaani, na tangu hapo hakusema naye tena.

Mjane alirudi Jericho baada ya miezi miwili. Nilikuwa nikimkwepa, nikitoka mapema na kurudi kwa njia ya nyuma, lakini Jumapili moja alinishika. Akaniita ndani, akafunga mlango, akanimiminia chai.

"Ndege haikuchelewa," akasema.

"Haikuchelewa, mama."

"Na haukuwa umeuliza mtu."

"Sikuuliza." Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikaendelea. Nikamwambia mimi si karani, sijawahi kuwa karani, kazi yangu ni kuosha vyombo vinavyotoka kwenye ndege. Nilidhani namfungulia siri kubwa.

Aliuchukua mkono wangu akaugeuza kiganja juu. "Hiyo tulijua," akasema. "Mkono ya karani haipasukangi hivi. Mzee alijua tangu mwaka ya kwanza. Unafikiri ni kwa nini alikuuliza wewe? Alisema, huyu msichana anashika sahani ya hiyo ndege kila asubuhi, atakuwa anajua inaingia saa ngapi kuliko hao wakubwa wa ofisi."

Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kutaka niwe karani. Walitaka kitu kimoja tu kutoka kwangu, na ndicho nilichokuwa nacho, na nilikificha kwa sababu kilikuwa kinanuka sabuni. Nililia, na mama yule akaniacha nilie bila kunibembeleza, jambo ambalo nalo nilistahili.

"Baba mdogo anajua?" nikauliza.

"Anajua. Alisema wewe ni mtoto ya watu, haujaolewa, tusikuharibie jina mtaani. Yeye ni mzee, anaweza kubeba." Akauachia mkono wangu. "Lakini kijana yangu hajui. Nikimwandikia mimi, atasema natetea shemeji. Mwandikie wewe." Na akanipa bahasha kuukuu yenye anwani nyuma yake.

"Nitaandika kesho, mama."

Nilianza. Natumaini u mzima wa afya, niliandika, mimi ni yule jirani aliyekupokea, na hapo kalamu ikakwama. Nilianza tena wiki iliyofuata, na tena Krismasi. Nilihamishwa kutoka kwenye kuosha nikapelekwa kwenye kupanga vyombo, nikaolewa mtaa wa pili, nikapata mtoto, na kila moja ya hizo ilikuwa sababu nzuri ya kutoandika wiki hiyo. Mama yule hakunikumbusha hata siku moja. Nilipokuja kumwona mama yangu tulisalimiana penye bomba kama zamani, habari ya nyumbani, habari ya mtoto. Ila baada ya salamu alikuwa akibaki amesimama kidogo, ndoo yake imeshajaa, akinitazama, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kusema. Nami nilikuwa nikimwambia haya mama, wacha nikimbie.

Mjane alifariki miaka minne baadaye. Watu wakakutana tena katika chumba kile kile, na baba mdogo akaja, sasa akitembea kwa mkongojo. Nilikuwa nikiwagawia wazee chai. Mwenyekiti akauliza habari ya kijana aliye Amerika, na binamu yake mmoja, aliyefanya kazi kwenye ofisi yenye simu, akasimama akasema amezungumza naye asubuhi ile.

"Anakuja lini?" akauliza mwenyekiti.

Binamu akajibu, "Haji. Amesema mzike tu. Amesema watu ya kwetu hawangojangi mtu."

Baba mdogo aliinamisha kichwa, akakaa hivyo, kisha akainua macho akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama tu, kwa muda, watu wote wakiwa kimya, na kila nilichotakiwa kusema kilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikamwuliza kama angependa niongeze chai.